Historia ya Shahada ya Kwanza ya Uhandisi wa Umeme katika Afrika Mashariki: Kutoka Chuo cha Pamoja hadi Vyuo vya Kitaifa

Ikisiri

Makala haya yanafuatilia historia ya shahada ya kwanza ya uhandisi wa umeme nchini Kenya, Uganda na Tanzania, tangu kufunguliwa kwa bwawa la Owen Falls mwaka 1954 hadi kutangazwa kwa Eneo la Pamoja la Elimu ya Juu la Afrika Mashariki mwaka 2017. Hoja kuu ni kwamba miundombinu ya umeme na elimu ya wahandisi wake zilifuata njia zilizopishana. Umeme wa Uganda ulivuka mpaka kwenda Kenya kabla ya kuwapo shahada yoyote ya uhandisi katika eneo hili. Shahada ilipoanzishwa Nairobi ilikuwa ya pamoja, lakini kati ya 1970 na 1973 iligawanywa kitaifa, ilhali laini ya umeme ilibaki imeunganishwa. Ushirikiano uliofufuliwa baada ya 1999 umeanzia kwenye usajili wa wahandisi, yaani mwisho wa safari ya masomo, badala ya darasani, maabara na mafunzo kazini. Makala yanahitimisha kwa kuonesha yale ambayo watunga sera wanaweza kujifunza kutokana na mpishano huo.

Maneno ya msingi: uhandisi wa umeme, shahada ya kwanza, Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, Makerere, Nairobi, Dar es Salaam

1.0 Utangulizi

Historia ya elimu ya juu katika Afrika Mashariki imeandikwa zaidi kwa kutazama sheria, tiba na fasihi. Ni fani hizo zilizotoa viongozi wa kisiasa, madaktari na waandishi waliojulikana mapema. Uhandisi umetajwa kwa kupita, na uhandisi wa umeme kwa uchache zaidi. Hata hivyo, hakuna fani iliyofungamana na ahadi za uhuru kwa namna iliyoonekana wazi kama hii. Barabara iliweza kujengwa kwa jembe na sururu, na shule ikaanza chini ya mwembe. Umeme haukuwa na njia ya mkato ya namna hiyo. Ulihitaji watu waliosoma hisabati na fizikia kwa kina, wakafundishwa mashine, kisha wakakabidhiwa mitambo.

Swali linaloongoza makala haya ni jepesi kuuliza: wahandisi hao walisomea wapi, na kwa nini huko? Jibu lake linahusu zaidi ya majengo ya vyuo. Linahusu namna nchi jirani zilivyogawana elimu ya gharama kubwa, namna mgawanyo huo ulivyovunjika, na kile kilichopotea au kupatikana ulipovunjika. Mjadala unajikita katika nchi tatu zilizounda Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki. Rwanda, Burundi na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo zinatajwa pale ambapo uzoefu wao unaangaza hoja hiyo hiyo.

2.0 Mitambo kabla ya wahandisi, 1922–1956

Makerere ilianza mwaka 1922 ikiwa chuo cha ufundi. Wanafunzi wake wa kwanza, 14 kwa idadi, walijifunza useremala, ujenzi na umakanika. Mwanzo huo ungeweza kuifanya Makerere kuwa chimbuko la asili la uhandisi katika Afrika Mashariki. Haikuwa hivyo. Katika miaka michache chuo kilielekezwa kwenye tiba, kilimo, mifugo na ualimu, na mafunzo ya ufundi yakahamishiwa kwingine. Makerere ilipofanywa Chuo Kikuu Kishiriki kilichohusiana na Chuo Kikuu cha London mwaka 1949, haikuwa na kitivo cha uhandisi. Kitivo hicho kilikuja mwaka 1970, karibu nusu karne baada ya darasa la kwanza la mafundi.

Uamuzi huo ulitokana na mtazamo wa serikali ya kikoloni kuhusu kazi. Fundi Mwafrika alihitajika; mhandisi Mwafrika hakuwamo katika mipango. Usanifu, ununuzi na usimamizi wa mitambo ulikuwa mikononi mwa wataalamu kutoka Uingereza, na kampuni zilizouza umeme katika miji ziliajiri kwa mkondo huo huo. East African Power and Lighting, iliyoundwa nchini Kenya mwaka 1922, ilihudumia miji na walowezi. Kampuni ya namna hiyo ilihitaji wapandaji nguzo, wasomaji wa mita na waendesha mitambo, na iliwapata bila kuwapo kwa chuo kikuu.

Hali ilibadilika kwa ukubwa wa Owen Falls. Bodi ya Umeme ya Uganda iliundwa mwaka 1948, kufuatia uchunguzi wa Charles Westlake, aliyekuwa pia mwenyekiti wake wa kwanza. Bwawa lilifunguliwa rasmi na Malkia Elizabeth II tarehe 29 Aprili 1954 mjini Jinja. Kwa mujibu wa mpango, mitambo yake 10, kila mmoja wa megawati 15, ingetoa megawati 150. Umeme huo ulizidi mahitaji ya Uganda ya wakati ule, hivyo mnunuzi akatafutwa ng'ambo ya mpaka. Kampuni ya Umeme ya Kenya iliundwa mwaka 1954 kwa kusudi hasa la kujenga laini ya kuchukua umeme kutoka Tororo. Mkataba ulitiwa saini mwaka 1955 na, kufikia 1958, laini ya kilovolti 132 ilikuwa ikileta umeme wa Mto Nile hadi Juja, karibu na Nairobi.

Mfululizo wa tarehe hizi una uzito wake. Kulipokuwa na laini moja ya umeme iliyounganisha nchi mbili, hapakuwa na chuo hata kimoja katika Afrika Mashariki kilichotoa shahada ya kumwezesha mwanafunzi kuisanifu au kuisimamia. Mfumo wa umeme wa kimataifa ulizaliwa ukiwa na mafundi wenyeji na wahandisi wageni.

3.0 Nairobi kama darasa la pamoja, 1956–1970

Chuo cha Ufundi cha Kifalme cha Afrika Mashariki kilipewa Hati ya Kifalme mwaka 1951. Jiwe la msingi liliwekwa mwaka 1952. Wakati huo huo, jamii ya Wahindi wa Afrika Mashariki ilikuwa imechangisha fedha za kuanzisha chuo cha kumbukumbu ya Mahatma Gandhi, na makubaliano yakafikiwa kuunganisha juhudi hizo mbili. Wanafunzi wa kwanza waliingia Aprili 1956. Hivyo basi, taasisi iliyokuja kuwa kitovu cha uhandisi katika eneo hili iliundwa na serikali ya kikoloni pamoja na michango ya wafanyabiashara wa Kihindi, na tangu mwanzo ilikusudiwa kupokea wanafunzi wa nchi zote.

Mwaka 1958 kamati iliyoongozwa na John Lockwood ilichunguza mustakabali wa elimu ya juu katika Afrika Mashariki. Mawazo yake yalisaidia kuzaa mpango wa chuo kikuu kimoja chenye vyuo vishiriki vitatu, ambamo fani za kitaalamu zenye gharama kubwa zisingerudiwa katika kila nchi. Mwaka 1961 chuo cha Nairobi kiligeuzwa kuwa Chuo cha Kifalme, Nairobi, na kikaanza kuwaandaa wanafunzi wa uhandisi kwa ajili ya shahada za Chuo Kikuu cha London. Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki kilipozinduliwa Juni 1963, Mwalimu Julius Nyerere akiwa Mkuu wake, mgawanyo ulikuwa umekamilika: tiba na kilimo Makerere; sheria Dar es Salaam; uhandisi, usanifu majengo na tiba ya mifugo Nairobi.

Mwanafunzi kutoka Mbarara au Moshi aliyetaka kusomea uhandisi wa umeme alipanda treni au basi kwenda Nairobi. Huko alikuta utaratibu uliofuata desturi ya Uingereza. Msingi ulikuwa hisabati, umekanika, michoro ya kihandisi na kazi za karakana, masomo aliyoyachukua pamoja na wenzake wa uhandisi wa ujenzi na wa mitambo. Baadaye aliingia katika nadharia ya saketi, mashine za umeme, usafirishaji wa umeme na elektroniki. Mtihani ulisimamiwa kwa viwango vya London, na baada ya 1963 na Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki chenyewe.

Faida ya mpango huo ilikuwa dhahiri. Maabara ya mashine za umeme ni ghali, na walimu wake walikuwa adimu duniani kote. Kuwa na maabara moja iliyokamilika kulikuwa bora kuliko kuwa na tatu zilizopungukiwa. Faida nyingine haikuandikwa katika hati yoyote: wahandisi waliokuja kusimamia bodi na mashirika ya umeme ya nchi tatu walifahamiana tangu darasani. Laini ya Tororo ilipopata hitilafu, waliokuwa pande zote mbili za mpaka walizungumza lugha moja ya kitaalamu waliyojifunza chini ya paa moja.

4.0 Kugawanyika kwa shahada

4.1 Sababu za kugawanyika

Ni rahisi kulaumu utaifa kwa kuvunjika kwa Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki mwaka 1970. Lawama hiyo haitoshi. Kila serikali ilikuwa na mpango wa maendeleo wenye hesabu ya wataalamu. Tanzania, katika Mpango wake wa Kwanza wa Miaka Mitano ulioanza 1964, ilijiwekea lengo la kujitosheleza kwa wataalamu wa ngazi ya juu ifikapo 1980. Lengo la namna hiyo halikuweza kutimizwa na kitivo kimoja kilichokuwa katika nchi nyingine, ambacho nafasi zake ziligawanywa kati ya nchi tatu.

Aidha, utengano ulikuwa umeanza nje ya vyuo. Tanzania ilitunga sheria ya usajili wa wahandisi mwaka 1968. Kenya na Uganda zikafuata mwaka 1969. Hivyo basi, hata kabla ya chuo kikuu kuvunjika, mhitimu wa darasa moja la Nairobi alihitaji kusajiliwa na bodi tofauti kulingana na nchi aliyoendea kufanya kazi. Sheria hizo zilikuwa za lazima, kwa kuwa zililinda wananchi dhidi ya watu wasio na sifa. Lakini zilihamisha maana ya neno “mhandisi” kutoka ngazi ya eneo hadi ngazi ya taifa, na chuo kikuu kikafuata njia hiyo hiyo.

4.2 Makerere na Dar es Salaam

Makerere ilianzisha Kitivo cha Teknolojia mwaka 1970, kikiwa na fani za ujenzi, umeme na mitambo. Wakati haukuwa mwema. Mapinduzi ya Januari 1971, na kufukuzwa kwa Waasia mwaka 1972, kulivuruga uchumi ambao ungeajiri wahitimu na kuwapokea wanafunzi kwa mafunzo kazini. Walimu wengi waliondoka. Kitivo kichanga kililazimika kufundisha usafirishaji wa umeme katika nchi ambayo mitambo yake ya Jinja ilikuwa ikizidi kukosa vipuri. Ukarabati mkubwa wa Owen Falls ulikuja baadaye, ukaongeza uwezo wa mitambo ileile 10 hadi megawati 180. Kwamba kitivo hakikufungwa katika miaka hiyo ni jambo la kutajwa katika historia ya elimu ya Uganda.

Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilifungua Kitivo cha Uhandisi mwaka 1973 kwa msaada mkubwa wa Jamhuri ya Shirikisho la Ujerumani. Hapo palionekana mwelekeo tofauti na ule wa London. Mafunzo kwa vitendo yalifanywa sehemu ya shahada yenyewe: wakati wa likizo ndefu mwanafunzi alikwenda kiwandani au katika shirika la umma, akarudi na ripoti iliyopimwa. Azimio la Musoma la Novemba 1974 liliongeza sharti la mwombaji kuwa na uzoefu wa kazi kabla ya kujiunga na chuo kikuu. Mwelekeo huo ulioana na mahitaji ya nchi. Bwawa la Hale lilianza kufua umeme mwaka 1964, Nyumba ya Mungu mwaka 1968, na Kidatu mwaka 1975. Kidatu ilizidi kwa mbali yote yaliyotangulia, na mhandisi aliyehitimu Dar es Salaam mwishoni mwa muongo huo alikuwa na mahali pa kwenda.

Kenya nayo haikusimama. Chuo Kikuu cha Nairobi kilibaki na maabara, walimu na maktaba vilivyokusanywa kwa jina la nchi tatu. Mabwawa ya Mto Tana, yaani Kindaruma mwaka 1968, Kamburu mwaka 1974 na Gitaru mwaka 1978, yaliwapa wahitimu wake uwanja wa kazi, kisha mvuke wa Olkaria ukafuata mwaka 1981. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, taasisi nyingi za pamoja zilianguka. Laini ya Tororo haikukatwa. Uganda iliendelea kuiuzia Kenya umeme. Ushirikiano wa nyaya ulidumu kuliko ushirikiano wa madarasa.

5.0 Tofauti zilizojengeka

5.1 Miaka ya masomo

Vyuo vilipotengana, mifumo ya shule pia ilitengana. Kenya ilianzisha mfumo wa 8-4-4 mwaka 1985, na kundi lake la kwanza likaingia chuo kikuu mwaka 1990. Kwa kuwa kidato cha tano na cha sita viliondolewa, shahada ya uhandisi ilifanywa kuwa ya miaka 5. Uganda na Tanzania zilibaki na vidato hivyo, na shahada zao za uhandisi zikawa za miaka 4.

Tofauti hii imezua mashaka ya mara kwa mara: je, shahada ya miaka 4 ni sawa na ya miaka 5? Hesabu rahisi huondoa sehemu kubwa ya mashaka hayo. Katika mfumo wa 8-4-4 wa Kenya, miaka 8 ya msingi, 4 ya sekondari na 5 ya chuo kikuu ilifanya miaka 17. Nchini Uganda na Tanzania, miaka 7 ya msingi, 6 ya sekondari na 4 ya chuo kikuu hufanya miaka 17 vilevile. Kilichobadilika ni mahali ambapo hisabati na fizikia ya juu hufundishwa, yaani sekondari au chuo kikuu. Kwa hiyo kulinganisha vyeti kwa kuhesabu miaka ya chuo kikuu pekee ni kukosea tangu mwanzo.

5.2 Lugha ya darasa na lugha ya karakana

Shahada katika nchi zote tatu ilifundishwa kwa Kiingereza na inaendelea hivyo. Lakini mhandisi hafanyi kazi peke yake. Huongoza mafundi, huwaeleza wanakijiji kwa nini nguzo ipite shambani mwao, na huandika maonyo ya hatari yatakayosomwa na watu wasiojua Kiingereza. Hapo ndipo msamiati unapogawanyika. Mtanzania huita umeme. Mkenya wa mtaani huita stima, neno lililobaki kutoka enzi za mashine za mvuke. Mganda husema amasannyalaze na Mnyarwanda amashanyarazi.

Kazi ya istilahi ilifanyika zaidi Tanzania. Baraza la Kiswahili la Taifa, lililoundwa mwaka 1967, na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam zilisanifu maneno ya sayansi, na mwaka 1990 taasisi hiyo ilichapisha kamusi sanifu ya biolojia, fizikia na kemia. Maneno kama mkondo, ukinzani na saketi yalipata makazi katika vitabu. Hata hivyo, hayakuingizwa katika mitaala ya shahada ya uhandisi. Mwanafunzi aliyejifunza ukinzani kwa Kiingereza darasani alitarajiwa ajue mwenyewe namna ya kumweleza fundi juu ya nguzo. Katika kazi ambayo agizo lililoeleweka vibaya linaweza kuua, pengo hilo ni suala la usalama kabla halijawa suala la utamaduni.

6.0 Ushirikiano mpya na mwanzo wake kinyume

Mkataba mpya wa Jumuiya ya Afrika Mashariki ulitiwa saini Novemba 1999 na kuanza kutumika Julai 2000. Mwaka 2012 mamlaka za usajili za Kenya, Uganda na Tanzania zilitia saini makubaliano ya kutambuana kwa wahandisi. Mwaka 2017 wakuu wa nchi walitangaza Eneo la Pamoja la Elimu ya Juu, Baraza la Vyuo Vikuu vya Afrika Mashariki likiwa mratibu.

Hatua hizi ni kubwa. Lakini makubaliano ya 2012 yanamhusu mhandisi ambaye tayari amesajiliwa kwao. Hayamgusi mwanafunzi wa mwaka wa pili, wala mhitimu asiye na mahali pa kukamilisha miaka ya uangalizi inayotakiwa kabla ya usajili. Nchini Kenya, mvutano kuhusu nani mwenye mamlaka ya kuidhinisha programu za uhandisi, bodi ya taaluma au mamlaka ya vyuo vikuu, ulifika mahakamani, huku wahitimu wakiwa na shahada mkononi wasijue kama wangesajiliwa. Iwapo mvutano kama huo hutokea ndani ya nchi moja, ni wazi kwamba kutambuana kati ya nchi hakuwezi kutegemea usajili pekee.

Wakati huo huo, umeme umezidi kuvuka mipaka. Ruzizi II imehudumia Kongo, Rwanda na Burundi tangu 1989. Maporomoko ya Rusumo sasa yana mtambo wa megawati 80 unaomilikiwa na Rwanda, Burundi na Tanzania kwa pamoja. Laini ya kilovolti 400 imeunganisha Isinya nchini Kenya na Singida nchini Tanzania. Mitambo hiyo inaendeshwa na wahandisi waliosoma katika mifumo tofauti, baadhi kwa Kifaransa, wengine kwa Kiingereza, na lugha wanayoweza kukutana nayo wote karakanani mara nyingi ni Kiswahili. Hali ya 1958 imerudi kwa ukubwa zaidi: nyaya zimetangulia, darasa linafuata nyuma.

7.0 Hitimisho

Historia hii haitoi sababu ya kutamani kurudishwa kwa kitivo kimoja cha Nairobi. Kitivo hicho kilikuwa kidogo mno kwa mahitaji ya nchi tatu, na kuanzishwa kwa vitivo vya Makerere na Dar es Salaam kulifungua milango ambayo isingefunguka. Kinachofaa kurejeshwa ni kile kilichokuwa cha pamoja ndani ya kitivo hicho: mtihani ulioaminiwa na pande zote, maabara iliyotumiwa na wote, na wanafunzi waliofahamiana kabla hawajawa wakuu wa idara.

Mambo matatu yanajitokeza kwa watunga sera. Kwanza, ulinganisho wa shahada uzingatie maudhui na jumla ya miaka ya masomo, si urefu wa chuo kikuu peke yake. Pili, mafunzo kazini, ambayo Dar es Salaam iliyafanya sehemu ya shahada tangu mapema, yapangwe kuvuka mipaka pale ambapo mtambo wenyewe unamilikiwa na nchi zaidi ya moja. Rusumo ingeweza kuwa darasa la nchi tatu bila kujenga jengo jipya. Tatu, istilahi za Kiswahili zilizokwisha kusanifiwa zipewe nafasi katika shahada, angalau katika kozi za usalama na usimamizi wa miradi, ili mhandisi ahitimu akiwa na uwezo wa kusema na fundi wake.

Mwaka 1958 Afrika Mashariki ilikuwa na laini ya pamoja bila kuwa na mhandisi wake hata mmoja aliyesomea nyumbani. Leo ina maelfu ya wahitimu na laini nyingi zaidi. Kazi iliyobaki ni kuwakutanisha wahitimu hao mapema kuliko inavyofanyika sasa, wakiwa bado wanafunzi.